Mjomba, Sensa na Honi ya Sauti Tatu

Jumatatu, 3 Agosti
Taa ya injini imewaka! Na harusi ya mpwa wangu ni Jumamosi! Dada kachungulia dashibodi, kasema gari lenye taa hiyo halimbebi binti yake. Atabebwa na la mdogo wangu. Yule! Mtu anayefuta matairi kwa kitambaa cha miwani! Binti huyu nilimfundisha kutembea mimi, nimemshika vidole. Lazima apande kwangu. Nimebandika utepe mweusi juu ya taa. Kwisha kazi.

Jumanne, 4 Agosti
Dada kaubandua utepe. Kaniwekea kiganjani.
Nikaenda kwa fundi umeme, mama mwenye miwani machoni na nyingine kichwani. Kachomeka kikompyuta chake, kasema ni sensa ya oksijeni, ile ya kwenye bomba la moshi. Ndani yake mna hita ndogo ya kuipasha moto, nayo haifanyi kazi. Atapima nyaya Alhamisi. Mimi huyu, nisubiri? Kama shida ni baridi, dawa ni joto! Nimelivisha bomba la moshi blanketi, nikawasha injini.

Jumatano, 5 Agosti
Blanketi limeungua. Lilikuwa la mke wangu. Tuyaache hayo.
Mdogo wangu kapita, kanusa, kauliza tunachoma nini. Nimenunua sensa mpya, nimeifunga mwenyewe, vidole vyote vimechubuka. Taa? Inawaka kwa raha zake!

Alhamisi, 6 Agosti
Nimerudi kwa fundi nimenywea. Kagusa plagi ya sensa kwa kitaa chake cha kupimia: giza. Kasema, kaka, hata ukifunga sensa kumi, umeme haufiki, fyuzi imeungua. Kaweka mpya, kafuta kosa kwenye kompyuta, taa ikazimika! Kwa furaha nikabonyeza honi yangu ya sauti tatu, iliyokuwa bubu tangu Jumapili. Pa-pa-paaa! Kisha kimya. Haukupita muda, taa hiyo, imerudi.
Fundi kaingia uvunguni, katoka na swali: nani kaunga honi kwenye waya wa hita, ikala umeme wote na fyuzi juu? Nikasema labda wezi. Akauliza ni wezi gani hao wanaokuachia honi badala ya kuondoka na betri. Nikatazama dari. Kaikata honi, kaweka fyuzi nyingine, kaniapisha nisiuguse tena waya wa sensa. Nimeapa, mkono juu ya boneti.

Jumamosi, 8 Agosti
Kapanda kwangu! Dada kachungulia dashibodi, kachungulia tena, taa hakuna! Mdogo wangu nyuma yetu, anakula vumbi. Bibi harusi kacheka njia nzima. Tulipofika kanikumbatia, kasema, Mjomba, kesho utupeleke wewe kwa wakwe, sitaki gari jingine. Nimelia. Nimelia kweli, mbele ya watu, na wala sioni haya.
Ila msafara bila honi umepoa mno.

Jumapili, 9 Agosti
Nimeamka mapema kuifunga honi upya. Kiapo ni kiapo: waya wa sensa sikuugusa. Nimeiunga kwenye waya wa taa za breki, ambao fundi hakuutaja kabisa. Maharusi wanakuja sasa hivi. Nimeijaribu hapa uani, inalia vizuri ajabu! Tena sina haja ya kuibonyeza. Nakanyaga breki tu.