Laini ya Kula

Leo nimeaibika Chwele, sokoni, mbele ya watu ambao mpaka saa sita mchana walikuwa wananiheshimu. Sasa niko nyumbani, nimejifungia chumbani. Mama mkwe yuko jikoni anakatakata sukuma wiki kwa nguvu ambazo sukuma haihitaji.

Wacha niwaeleze polepole.

Mimi ni wa Kitale. Wazazi wangu ni wale watu wa kutoka Central walionunua mashamba Trans-Nzoia. Mwaka jana nikaolewa huku Bungoma, na Mama (mama mkwe, lakini mimi humwita Mama tu) akanipa nafasi kando yake sokoni. Yeye anauza ndizi, mimi vitunguu. Sote wawili ni wanachama wa kikundi cha akina mama wa soko, na leo kilikuwa kinachagua mwenyekiti.

Mama aliutaka huo uenyekiti, jameni. Amekuwa naibu tangu zamani. Anabeba viti, anatafuta maji ya chai, akimaliza anaambiwa asante naibu. Mpinzani wake alikuwa Mama Naliaka, muuza omena, vile vidagaa vya ziwani, mwenye maneno matamu kuliko omena zake. Jana jioni Mama akaniita kando.

"Wanjilu," akasema, "kesho usichelewe. Watu watakuangalia wewe kwanza."

Nikachelewa. Nilikuwa nimeenda Kitale kuchukua vitunguu na pikapu ikapata pancha kabla hatujafika Kimilili. Nimefika Chwele sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikakuta maelezo yote yamepita. Mimi nilijua tutapewa karatasi, tuweke alama, tutumbukize kwa sanduku. Kumbe waliamua mlolongo: kila mtu ajipange nyuma ya anayemtaka. Mimi hilo sikulisikia. Nilichosikia ni mwalimu mstaafu aliyeombwa kusimamia, akitangaza kwa kipaza sauti:

"Laini ya kula ianze sasa, akina mama. Msisukumane."

Sasa, huku l na r hubadilishana viti; hata jina langu lina r, ni Mama tu hulitamka kwa l. Na kwetu pia ni hivyo hivyo (baba yangu hula wari na huandika kwa karamu, kwa hivyo simcheki mtu). Nimekua nikijua kura inaweza kuwa kula na kula inaweza kuwa kura, na mtu anaamua kwa kuangalia kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni sufuria mbili kubwa za wali na nyama. Mbele ya hizo sufuria palikuwa na laini. Mbele ya laini alisimama Mama Naliaka, amejifunga leso kiunoni, anatabasamu. Nikajua ndiye anayepakua.

Mimi nikaona watu wamejipanga, nikajipanga. Hata hivyo si ati nilikimbilia tu. Niliuliza. Nilimgusa mama aliyekuwa mbele yangu nikamuuliza kama hii ndiyo laini ya kula. Akasema ndiyo, ni ya kula.

Ng'ambo ile nikamwona Mama amesimama karibu na ndizi zake, nyuma yake watu wachache. Nikadhani wanangojea soda. Akanipungia mkono niende. Nikamwonyesha tumbo langu, kwamba nakula kwanza halafu nakuja. Akapunga tena, kwa haraka. Nikamwonyesha tumbo tena. (Hapa ndipo ningekuwa na akili, ningeshtuka.)

Kisha laini nyuma yangu ikaanza kunenepa. Mama Truphena, anayeuza karibu kabisa na sisi, alisimama katikati ya uwanja akaniangalia, akamwangalia Mama, akaniangalia tena. Akaja nyuma yangu. "Kama hata wewe uko hapa, basi," akasema. Wengine wakamfuata. Mimi nikafurahi kwamba nimewahi kabla wali haujaisha.

Mwalimu akaja akihesabu, anagusa kila mtu begani. Aliponifikia nikamuuliza sahani tunachukulia wapi.

"Sahani ya nini? Nahesabu kula."

Hapo ndipo nilielewa niko laini gani. Nikamwambia mwalimu basi mimi natoka, naenda kwa Mama. Akaweka kipaza sauti mdomoni, na tulikuwa tumesimama bega kwa bega, akatangaza kwamba aliyehesabiwa hatoki. Na mimi, mtu mzima, mke wa mtu, sikutoka. Ningeweza kutembea tu. Hakunishika. Lakini alisema kwa sauti ya darasani, na miguu yangu ikatii kabla mimi sijaamua.

Mama Naliaka akashinda. Akaniita mbele. Nikaenda. Akawaambia watu kwamba msichana huyu ameweka soko mbele ya familia, apigiwe makofi. Wakapiga. Akaniambia nipunge mkono.

Nikapunga.

Mama Truphena akatukuta tunakunja magunia. Alikuwa na haya kidogo. Akasema wao walikuwa njiani kuja kwa Mama, lakini walipomwona mke wa mtoto wake ng'ambo ile, wakasema labda kuna jambo la nyumbani ambalo wao hawalijui. Hakuna aliyeuliza jambo gani.

Nikamweleza Mama yote, kuanzia pancha mpaka sahani. Niliona aibu hata nikakosa pa kuweka mikono. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Wanjilu," akasema, "kama ungekuwa unanichukia, ningejua nitawaambia watu nini. Sasa nitawaambia nini? Ati nimeangushwa na wali?"

Akabeba mkungu wake akatangulia. Njia nzima hakugeuka nyuma, na mimi nilikuwa naye hatua chache, nimebeba viti vya kikundi, maana naibu mpya wa kuvibeba alikuwa bado hajachaguliwa.

Nawaomba msicheke. Ama tuseme hivi: wa kwanza tu ndiye asicheke. Nyinyi wengine nawajua, mtajipanga nyuma yake bila kuuliza ni laini ya nini.