Fundi Cherehani na Lenzi ya Mbali

Jumatatu, 3 Februari
Nimetunga uzi kwenye sindano kwa dakika kumi na moja. Mwishoni mke wangu akanipokonya, akautunga mara moja huku anaongea na simu. Majivuno!

Kaja mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Anataka sketi sitini za sare. Mimi nishone moja ya mfano, na fundi wa ng'ambo ya barabara naye ashone moja. Tarehe ishirini atachagua. Ng'ambo ya barabara! Yaani yule Miwani! Jina hilo nilimpa mimi, miaka kumi iliyopita, siku aliyovaa miwani. Nilitangaza mtaa mzima kwamba fundi wa kweli hashoni kwa vioo. Nikiikosa kazi hii, duka langu litabaki la kubadilisha zipu.

Nimechungulia anashona nini. Ukungu mtupu. Juzi niligombana na mteja asiyeitikia salamu, kumbe ni sanamu yangu ya kuvalishia nguo. Mke wangu anasema mficha maradhi kifo humuumbua, kesho kliniki.

Jumanne, 4 Februari
Kliniki ya macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Nikaomba dawa ya matone. Muuguzi akasema hakuna tone la kuondoa ukungu huo. Lenzi yangu ya kuzaliwa imechafuka kama kioo cha bafuni. Inatolewa, inawekwa ya bandia, na hiyo hukaa maisha. Kaniita mzee. Nina miaka hamsini na tisa tu!

Kisha kuchagua. Lenzi ya mbali: nitaona barabara vizuri, ila kazi ya karibu nitavaa miwani. Ya karibu: kinyume chake. Ipo pia ya umbali zaidi ya mmoja, lakini huenda usiku taa zikawa na duara. Hiyo nimeikataa papo hapo. Suti ya kumtosha kila mtu haimkai yeyote.

Akauliza kazi yangu. Akasema mafundi cherehani, kwa mfano, wengi huwafaa ya karibu. Hapo akili ikachemka. Kwa lenzi ya mbali nitamwona Miwani mpaka kucha za vidole! Mke wangu alikuwa nje anatafuta maji. Nikasema mimi mlinzi. Muuguzi akaitazama tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni. Nikasema ni ya kupimia wezi.

Ijumaa, 7 Februari
Upasuaji! Nilijiandaa kufa. Nikamsamehe kila mtu isipokuwa Miwani. Jicho likatiwa ganzi, nikaona mwanga tu na maji maji. Dakika ishirini, kwisha. Nikamwuliza daktari kashona kwa uzi gani. Akasema hakushona, tundu ni dogo na hujifunga lenyewe. Hakushona! Mimi ningerudishiwa nguo.

Masharti: nisisugue jicho, nisiinue vizito, nitie matone mara nne kwa siku. Mke wangu kaandika yote. Kisha akauliza kwa nini cheti changu kinasema mlinzi. Nikazimia kidogo.

Jumamosi, 8 Februari
Kikinga jicho kimetolewa. Lo! Ng'ambo yote imekuja mlangoni kwangu! Nimemwona Miwani, pini nne mdomoni, moja imepinda. Sketi yake ina marinda kumi na mawili. Na shati langu la manjano kumbe ni jeupe. Mke wangu anasema ameniambia tangu mwaka juzi.

Nikachukua tepu nikate kitambaa. Haina namba hata moja. Zimefutika zote! Nitamrudishia aliyeniuzia.

Jumatano, 12 Februari
Nimeshona sketi ya mfano. Marinda kumi na manne, maana mwerevu huiba na kuongeza. Nilishona kwa kupapasa. Mke wangu akaniletea miwani ya kusomea, akanibembeleza, baba watoto, vaa tu, nani atakuona. Nimekataa. Nitamtazamaje Miwani nikiwa nimevaa jina lake?

Nilipomaliza nikainuka kwa furaha. Sketi ikainuka nami. Nilikuwa nimeishona kwenye mkono wa shati.

Jumatatu, 17 Februari
Baraka! Kaja mama mmoja mpole, kaagiza pazia. Zito, la tabaka mbili, upana mita tatu. Nikauliza ni la chumba gani. Akasema ni la mtu anayetazamwa sana. Maskini! Watu wengine hawana adabu. Nimelishona kutwa nzima. Mshono ulienda ulikotaka.

Alhamisi, 20 Februari
Siku ya aibu. Mwalimu mkuu kaziweka sketi zote mbili mezani kwangu. Yangu haikuwa na pa kuingilia, kiuno chote nilikuwa nimekifunga. Akasema kwa upole kwamba watoto wanahitaji kuingia. Kazi imekwenda kwa Miwani.

Nikakaa mlangoni nimlaani vizuri kwa jicho jipya. Sikumwona. Niliona pazia. Zito, tabaka mbili, mita tatu. Yule mama mpole ni shemeji yake! Nimelia. Miaka thelathini kwenye cherehani hii, na leo sina hata zipu ya kubadilisha. Imenibidi nitie matone upya.

Jumatatu, 24 Februari
Kliniki tena, zamu ya jicho la kushoto. Mke wangu kaingia nami safari hii. Kabla sijaketi akasema mumewe ni fundi cherehani na muongo. Daktari hakukasirika. Akasema hakuna kilichoharibika. Jicho la kushoto liwekewe lenzi ya karibu, moja litazame barabara na lingine lishone. Wengi huzoea, na huenda nisihitaji miwani kazini.

Mke wangu akatoa habari nyingine. Miwani katuma salamu. Sketi sitini zimemzidi, atanigawia thelathini jicho likipona. Mke wangu alilengwalengwa na machozi. Daktari akatabasamu. Hata yule muuguzi wa wezi akatabasamu. Wote wakanigeukia.

Nimefikiri sana. Kwa nini mtu agawe kazi yake? Nyuma ya pazia lile kuna jambo.

Nimechagua ya mbali. Pazia nimelishona mimi, tena bila kuiona sindano. Wiki mbili halimalizi, litafumuka.