Hotuba ya Uzinduzi wa Choo

Jumatatu, 11 Agosti

Filamu imekamilika! Inaitwa Uzinduzi wa Choo. Dakika kumi na saba za vichekesho vyenye msimamo. Mwandishi mimi, mwongozaji mimi, Mwenyekiti wa Mtaa mimi.

Kisa chenyewe hiki. Mwenyekiti anazindua choo cha soko. Kabla ya kukata utepe anahutubia. Pembeni, mchuuzi aliyebanwa na haja anasubiri amalize. Hotuba ni dakika kumi na moja. Nimeiandika kwa miezi minne. Humo nimewachapa madalali wa viwanja, wahariri waliozitupa barua zangu sitini na mbili, na mwalimu aliyenipa alama nne kati ya ishirini mwaka 1989. Mchuuzi kaigiza Mikdad, kaka wa mke wangu. Ni mwashi, hajawahi kusoma kitabu kikafika mwisho. Nilimpiga picha peke yake kwa dakika tano, akijikunja tu. Dakika iliyobaki ni majina ya washiriki.

Jumamosi kuna maonyesho ya filamu fupi hapa mjini. Mwandaaji ni Pratik Lalji, muuza ndoo na simu, mwenye kamera niliyoazima. Ana masharti. Filamu isizidi dakika kumi. Na iambatane na fomu: maoni ya watazamaji watatu, kisha mtengenezaji aeleze amebadilisha nini.

Maoni! Mimi hutoa maoni. Sipokei.

Mke wangu Hafidha naye ana sharti. Kasema mbele ya mjomba wake, nami nikaapa: Jumamosi watu wasipocheka, kamera inarudi kwa Pratik nami naenda Mkange kwa kaka yangu kulinda mihogo dhidi ya nguruwe pori. Nimekubali kwa dharau. Watacheka mpaka wabebwe.

Jumanne, 12 Agosti

Mtazamaji wa kwanza: jirani yangu Mzee Ishaka. Baada ya alasiri nikamwekea kompyuta barazani. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, habari za mgongo, habari za mbuzi. Nusu saa kabla ya kubonyeza!

Akatazama kwa adabu. Ilipokwisha akanipa hongera. Akasema picha inaonekana. Sauti inasikika. Nikambana kuhusu hotuba. Akasema maneno ni mengi, mashaallah. Nikamuuliza mbona hakucheka. Akajibu kuwa alicheka, kwa yule kijana anayejikunja, mpaka ubavu ukamuuma, akaomba tupitishe tena hapo.

Tatizo la watu wa pwani ndilo hili. Adabu! Ukimpikia mtu mchanga atakwambia chumvi imekolea vizuri. Taifa halijengwi hivi. Nimeandika kwenye fomu: “Mtazamaji wa kwanza ameumia ubavu kwa kicheko.”

Jumatano, 13 Agosti

Dukani kwa Pratik. Yeye ni mfanyabiashara, hana muda wa adabu. Alitazama huku akihudumia wateja. Wakati wa hotuba yangu aliuza ndoo tatu. Mikdad alipotokea, wateja wakaacha kuchagua ndoo.

Pratik akanipa ushauri bila kuulizwa mara mbili. “Bwana Mwinjuma, hotuba iache dakika moja. Watu wanataka kujua jamaa atafika chooni au hafiki.”

Nikamweleza kwamba choo ni ishara. Jamaa ni ishara. Haja yenyewe ni ishara. Akasema ndiyo, lakini anafika au hafiki?

Kisha akanionyesha filamu yake. Dakika tatu za bibi yake, Bi Prabha, akichagua nyanya sokoni. Anaiminya moja, anainusa, anairudisha. Anaiminya nyingine. Muuzaji anakaribia kulia. Mwisho Bi Prabha anaondoka bila kununua hata moja. Basi! Hakuna hoja, hakuna falsafa. Duka zima lilikuwa limeinama kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikohoa. Mara tatu.

Kwenye fomu: “Mtazamaji wa pili ameguswa sana na swali la hatima ya mwananchi.”

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeamka na mpango. Nahitaji mtu asiye na adabu wala duka. Nahitaji mtani!

Mimi Mkwere. Chausiku ni Mnyamwezi, anakaanga samaki kituoni Msata. Wazee wetu walitaniana tangu enzi za misafara, na kazi ya mtani ni kukusema usoni bila wewe kuwa na haki ya kununa. Alipofariki baba, Chausiku alijilaza kwenye mkeka hapohapo msibani, akakohoa kama marehemu, akatangaza kwamba mzee hakufa, amekimbia mdomo wa mwanawe. Waombolezaji walicheka mpaka shehe akageukia ukutani. Huyo ndiye mhakiki!

Nikapanda basi hadi Msata. Aliponiona tu akauliza kwa sauti ya kusikika barabara nzima kama nimeteremka mwenyewe au abiria wamenishusha. Akaniita gunia la maneno. Akawauliza madereva wa malori nani amepoteza Mkwere. Nikafurahi. Nimefika pazuri.

Nikampa simu. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kutazama. Nikangoja matusi. Dakika ya tatu, kimya. Kwa Mikdad akacheka akapiga paja. Hotuba ikarudi, kimya. Dakika ya kumi akaondoa kikaango motoni. Filamu ikaisha. Akanirudishia simu kwa mikono miwili! Hajawahi kunipa kitu kwa mikono miwili tangu nimjue.

“Pole, mtani,” akasema taratibu. “Mungu akupe subira.”

 Hakunitania hata nilipoondoka. Akanifungia kibua bure, akaomba namba ya Hafidha.

Ndani ya basi nilikaribia kulia kwa furaha. Mwanamke aliyemtania maiti amekosa la kusema mbele ya kazi yangu! Fomu imejazwa: “Mtazamaji wa tatu amepigwa na butwaa.”

Ijumaa, 15 Agosti

Siku ya kupunguza. Dakika saba lazima ziondoke.

Nimepima kila kipande kwa haki. Mikdad: hana hata sentensi moja. Anajikunja tu. Nimemtoa, dakika tano. Majina: nimeacha langu, sekunde kumi. Hotuba ilikuwa bado ndefu kidogo, kwa hiyo nimekata kila mahali nilipovuta pumzi. Sasa Mwenyekiti anasema dakika tisa na sekunde hamsini bila kupumua. Kasi ya ajabu!

Palipoandikwa “Umebadilisha nini?” nimejibu: “Nimeondoa yasiyo ya lazima.”

Hafidha alipita nikiwa naitazama. Akauliza kaka yake yuko wapi. Nikamweleza. Akakaa kitandani.

“Baba Mina, umemtoa Mikdad?”

Nikamsomea dondoo mbili kuhusu ufundi wa kupunguza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaangalia paa, kisha akatoka na simu uani. Alizungumza na mtu muda mrefu. Nikasikia jina la kaka yake, na neno “tumbo”. Nadhani walikuwa wanapanga chakula cha Jumamosi.

Jumamosi, 16 Agosti

USHINDI!

Niandike kwa utaratibu. Saa tisa alasiri, ukumbi umejaa, madirisha yamezibwa kwa khanga. Nyanya za Bi Prabha zikaonyeshwa kwanza. Kelele za kicheko, kelele za watu wasiosoma. Kisha yangu.

Dakika ya kwanza, kimya. Kimya cha heshima. Dakika ya pili, mtu akapiga miayo, na miayo ikatembea safu nzima. Bi Prabha akasinzia. Dakika ya tatu nikajaribu kucheka mwenyewe ili kuwafungulia njia. Hakuna aliyenifuata. Nikaanza kuwaza habari za nguruwe pori. Nilipogeuka, Hafidha alikuwa hatazami filamu. Alikuwa ananitazama mimi, kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Kisha akainua mkono, akajifuta uso kwa mtandio. Mara mbili.

Hapo Mikdad akasimama safu ya tatu! Katikati ya sanaa! Ameshika tumbo, magoti yameshikana, anahema. Akajaribu kupita. Chausiku, ambaye sikujua kama amekuja, akamzuia kwa mguu.

“Kaa chini wewe! Mwenyekiti hajamaliza!”

Na palepale, kwenye pazia la filamu, Mwenyekiti akasema: “Ndugu wananchi, nina mambo saba tu.”

Ukumbi ukapasuka. Mikdad akaketi, akasimama, akaketi. Kila Mwenyekiti aliposema “jambo jingine,” Mikdad alitoa sauti kama mlango wa zamani. Watu wakapiga magoti chini. Mzee Ishaka akashikwa na jirani zake wawili. Bi Prabha akaamka, akacheka kabla hajajua kitu. Nilipokata utepe kwenye pazia, Mikdad akatoka mbio mlangoni, na ukumbi mzima ukasimama ukipiga makofi.

Wamenipigia mimi makofi! Kwa hotuba yangu!

Nilimkuta Mikdad nje anakunywa soda, mzima kabisa. Nikamkaripia kwa kunivurugia watazamaji. Akainama. “Samahani, shemeji. Tumbo.” Hafidha alikuwa kando na Chausiku, wameshikana mabega, wanatetemeka. Machozi ya fahari.

Jumapili, 17 Agosti

Pratik alikuja asubuhi. Anasema watu wanauliza lini itaonyeshwa tena, na kama yule jamaa atakuwepo. Nikamweleza kwamba mafanikio yalipatikana licha ya yule jamaa. Akaniachia kamera.

Nimeshaanza sehemu ya pili. Hotuba ya dakika arobaini. Hakuna mchuuzi, hakuna choo, hakuna utepe. Mwenyekiti peke yake. Sharti la kuingia: kila mtazamaji apitie chooni kwanza, na Mikdad asiruhusiwe kupita mlango.

Nimemsomea Hafidha kurasa tisa za mwanzo wakati wa chai, nikamwomba maoni. Akasema hana la kuongeza. Kisha akauliza basi la Mkange, kwa kaka yangu, huondoka saa ngapi siku hizi. Sikujua. Sasa hivi yuko uani, anasugua mabuti yangu ya shamba na kuyaanika juani, bila hata kuombwa. Mwanamke huyu ananipenda.