Cheti cha Maji Machafu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeonewa! Mama mkaguzi wa maji machafu kaingia uani saa tatu asubuhi na mabuti yake ya mpira, salamu yenyewe nusu. Miaka kumi na mmoja naosha mapipa ya mafuta na injini hapa, na maji yanajiendea mtaroni. Hayajawahi kulalamika. Yeye kachovya kijiti, kakinusa, kaandika. Kasema huu ni mtaro wa mvua. Nikamwambia hata mvua ni maji. Kaandika na hilo.

Amri yake: hadi Jumamosi niwe na shimo la vyumba vitatu la kunasa grisi, na sampuli inayokubalika. La sivyo uga unafungwa, na mapipa ya kiwanda cha sabuni, mteja wangu mkubwa, yanakwenda kwa mwenye cheti. Na mwenye cheti mtaa mzima ni nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, ng'ambo ya barabara. Kakitundika getini kwenye fremu ya picha yake ya harusi. Picha yenyewe sijui kaitupa wapi.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu anashauri nichimbe shimo. Siku zinatosha, kasema, na kaka yake ataniazima mafundi. Mimi nikamwombe shemeji? Heri nife! Mkaguzi aliniachia chupa ya sampuli. Nimeijaza maji ya jagi letu la mezani. Yamechemshwa, yamechujwa. Asiporidhika, basi tena.

Jumatano, 5 Machi
Hakuridhika! Sampuli imekataliwa kwa kuwa safi mno! Kaniuliza ofisini kwake, mbele ya foleni nzima, maji haya yameosha nini. Nikajibu mapipa yangu huja safi. Akauliza, sasa wenyewe wananilipa nioshe nini? Foleni ikacheka. Mtu anaadhibiwa kwa usafi! Kanipa chupa ya pili, kwa vidole viwili.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeelewa. Wanataka maji yaliyokuwa machafu, yakatubu. Hayo yako kwa shemeji. Nimekwenda kumjulia hali wakati wa chakula cha mchana, nikazunguka nyuma. Shimo lake lina vyumba vitatu, kaviandika namba kwa rangi nyeupe. Mimi si mtu wa namba tatu. Nimechota namba moja, nikaipeleka ofisini.

Jioni mkaguzi kapiga simu. Eti chumba cha kwanza ndicho kinachopokea uchafu wote, na cha tatu ndicho safi! Nani kwao anahesabu hivyo? Kasema sampuli yangu imeziba mrija wa kifaa chao kabla hata ya kupimwa. Shemeji kaandika namba zile kinyume makusudi. Roho mbaya haijifichi.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi bomba kasikiliza mpango wangu mpaka mwisho. Kasema, bosi, kwa kazi hii si uchimbe tu shimo lenyewe. Kila mtu mshauri! Tumeziba tundu la mtaroni kwa saruji. Tumefukia bomba, hatua arobaini, kutoka sakafu ya kuoshea hadi dimbwi la nyuma ya nyumba, wanakoogelea bata sita wa mke wangu. Weupe pe, anawapenda kuliko mimi. Uani tumelaza vifuniko vitatu vya zege, vyenye mishikio na namba. Chini yake udongo mtupu.

Mgongo umekufa. Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi. Hajaipima hii.

Jumamosi, 8 Machi
Mkaguzi kaja. Shemeji naye kaja, eti kama jirani, mikono mgongoni. Vifuniko vikasifiwa. Nikavimba kichwa. Mkaguzi akaomba kimoja kifunguliwe. Nikamwambia shimo jipya lina gesi, sitaki kumpoteza mtumishi wa umma. Akasema sawa, hatufungui. Akatoa kichupa cha rangi ya kijani, akaimimina kwenye sakafu ya kuoshea, akafungulia maji, akakaa juu ya pipa. Tungoje, akasema, tuone inatokea wapi.

Robo saa, mtaro mkavu. Nusu saa, hata tone. Nimeshinda! Mkaguzi akatoa mhuri. Shemeji akawa anatazama viatu vyake.

Ndipo wakaja. Mstari mmoja, wa mbele akijikung'uta. Bata sita, kijani kuanzia kichwa hadi mkia! Wakapita katikati yetu wakasimama kwenye bakuli lao, wakidai chakula. Mke wangu akapiga yowe. Mkaguzi akarudisha mhuri mfukoni.

Kikulacho ki nguoni mwako! Nimewalisha kwa mkono huu huu!

Geti lina kufuli na karatasi nyekundu. Mke wangu kawabeba bata kwenda kuwaoshea kwa kaka yake. Kasema huko maji machafu yana pa kwenda, na hakusema atarudi lini.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kaja asubuhi. Nilingoja kejeli, hakuileta. Kasema mapipa ya kiwanda tutayaosha pamoja kwake mpaka niwe na shimo langu, na mafundi wake wataanza kuchimba kesho. Sisi ni ndugu, kasema. Nikamshukuru, na shukrani ilikuwa ya kweli.

Alipoondoka nikakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa mke wangu. Nyumba kimya, inaniuma. Nikajiuliza kwa moyo mweupe nilikosea wapi. Bomba halikuvuja. Mtaro ulikauka. Vifuniko vilisifiwa na ofisi nzima ya serikali.

Nimeshaona kosa. Nimewatumia mafundi wa shemeji ujumbe wasije, na fundi bomba aje na saruji, mpango ni ule ule. Mke wangu nitamrudisha kwa zawadi: kuku sita, weupe pe. Kuku hawaogi.