Chai Ndefu ya Kapteni Naftali

Jumatatu, 11 Agosti
Kamati ya wanaume kanisani imetamka wazi. Wakongo wakitufunga tena sisi Wakenya kwenye pikiniki ya Jumamosi, ukapteni anachukua Brandon. Shemeji yangu! Na huo ndio uongozi pekee nilio nao hapa Marekani. Mpira wa miguu hatuwawezi. Callixte wao anatufunga hata akiwa na malapa. Lazima tubadilishe mchezo.

Jumanne, 12 Agosti
Nimepata! Mzee Gilbert, jirani yetu hapa Inver Grove Heights. Mwingereza. Aliichezea kaunti ndogo ya kwao kriketi, misimu kumi na miwili. Nikauliza mshahara. Haukuwepo. Kaunti za kwetu zina magavana, nikauliza gavana wao alikuwa anafanya nini. Hakukuwa na gavana. Siku za kazi aliuza mbolea. Sikuelewa, lakini amekubali kuwa refa, na Callixte amekubali mchezo. Mke wangu Lois akauliza kama mimi najua kriketi. Dharau tupu.

Ijumaa, 15 Agosti
Gilbert ametufundisha. Upande mmoja unapiga hadi wachezaji wake watolewe, kisha mwingine. Katikati kuna chai. Chai, ndani ya mechi! Dakika ishirini, akasisitiza. Hapo akili ikaniwaka. Tupige sisi kwanza, tupate alama, halafu chai hadi giza. Wao wasipige kabisa! Nimempigia Askofu Muriuki, nikamwomba awasalimie wageni wetu Wakongo kidogo tu.

Jumamosi, 16 Agosti
Mechi ya saa tatu asubuhi ilianza saa nane mchana. Nikapiga mpira wa kwanza, ukadakwa. Gilbert akainua kidole juu. Nami nikainua changu, nikidhani tunamshukuru Mungu. Kumbe nimetolewa! Tukapata alama mia na kumi, karibu zote za Brandon. Sikupiga makofi.

Chai. Maombi. Askofu akataka kila mgeni asimame, ataje jina, alipookokea na salamu alizotumwa. Mama Kasika, mmoja wa wageni, akaimba wimbo, beti zote. Callixte akanisogelea. "Mais, lakini ndugu, sisi tutapiga saa ngapi?" Nikamwongezea mandazi.

Jua likazama Askofu akiwa kwenye neno lake la mwisho, la tatu. Gilbert akatangaza droo, maana mechi haikumalizika. Sisi mia na kumi, wao sufuri, droo! Mzee alikuwa anafuta machozi. Eti mechi zake nyingi ziliisha hivyo hivyo, na hajafurahi namna hii tangu ahame kwao. Sielewi Waingereza.

Jumapili, 17 Agosti
Kamati ilikaa baada ya ibada. Callixte mwenyewe akaeleza kwamba hakuna mwenzake aliyewahi kushika kile kigongo cha kupigia. Wangetolewa wote chai ikiwa bado moto.

Lois akanigeukia mbele ya watu. "Baba Joan, kwa hivyo tulikuwa tuna-win, ni wewe ukatuzuia?"

Ukapteni umeenda kwa Brandon. Nimeumia, sikatai. Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani, na kosa nimeliona. Askofu mmoja hakutosha. Mwakani nitaalika wawili.