Habari za Kuvushwa Mama Mkwe wa Enock Bila Kulowa Unyayo

Njooni, enyi wauza dagaa na wenye maduara, mashimo yenu ya dhahabu, nanyi waendesha bodaboda mnaojiona mmeyaona yote. Zimeni injini, mnisikilize mimi Vumilia, mkaanga mihogo na dagaa wa mwalo huu wa upande wa Geita, niliyeyashuhudia haya kwa macho yangu huku mafuta yakiungua kikaangoni! Nawasimulia vita vya Enock, Simba wa Mashimo, Mtikisa Miamba, alivyopambana na ghuba ambayo maji yake, haki ya Mungu, hayafiki kiunoni.

Mnajua ziwa lilivyofura likaimeza barabara, hata abiria wa basi wakawa wanashushwa ng'ambo na kuvushwa kwa mtumbwi. Siku hiyo aliyeshushwa hakuwa mwingine bali Mbuke wa Mhunze, mama mzazi wa Loveness mke wa Enock, Nguzo ya Kishapu, mwanamke ambaye hata fahali humpisha njia. Alikuja kumwona mjukuu wake wa kwanza, Mageni, mkononi mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwapani alimbana jogoo mwekundu wa kuchinjwa kwa furaha hiyo. Lakini moyo wake haukuwa mweupe. Tangu ndoa ifungwe alikuwa akimwita mkwewe "yule mchimba mashimo", na kabla ya kupanda basi alikula kiapo kwenye simu, mwalo mzima tukakisikia, maana Loveness alikuwa ameweka spika: "Nikilowa hata unyayo, nageuza palepale. Huyo mtoto mtaniletea Mhunze."

Sasa tazameni balaa. Pantaleo, mwenye mtumbwi, alikuwa msibani Kahama, na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ukaangukia mikononi mwa Enock, mtu anayejua kushuka shimoni kwa kamba lakini majini hajui hata pa kusimama. Na kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani, wala hawasemezani ovyo. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Mtumbwini hakuna pori! Wakikwama, atambebaje mgongoni mama wa mkewe? Na huyo mama atapandishaje kitenge mbele ya mkwewe? Mayu wee!

Basi kule ng'ambo, karibu tu hata tuliwasikia, Mbuke akaketi mbele, mgongo kwa nahodha, jogoo kwapani akitazama nyuma. Enock, aliyekuwa amevaa suruali yake ya harusi, akasimama tezini, nyuma ya chombo, akamwelekea jogoo, akanena:

"Ewe jogoo, mfikishie mama shikamoo."

"Jogoo, mwambie marahaba. Na atazame anakokwenda."

Wakang'oa nanga, ingawa nanga yenyewe ilikuwa jiwe. Mbele yao zilikuwapo njia mbili: moja pana, inang'aa, na nyingine nyembamba, imejificha katikati ya matete. Enock akachagua peupe, kama wafanyavyo wageni wote wa maji, na fungu la mchanga likaidaka pua ya mtumbwi. Krrr! Tukashika vichwa. Loveness akamkumbatia mtoto akaanza kulia waziwazi.

"Jogoo," akanguruma Mbuke, "muulize nahodha wako kama hapa ndipo Geita."

"Ewe jogoo mtukufu, mwambie mama kwamba Enock hajawahi kumwacha mtu shimoni, wala hatamwacha mtu mchangani! Ila namsihi ausogeze nyuma ule mfuko wa michembe, pua ya chombo ipate pumzi."

"Mwambie michembe ya mjukuu wangu haina kosa."

Lakini akausukuma nyuma kwa kisigino, bila kugeuka, na hapo, jamani, nikajua kwamba naye hataki kurudi Mhunze.

Ndipo Enock akashuka majini na suruali yake ya harusi. Vilindi vikamfika magotini! Akatia bega, akanguruma, akauvuta mtumbwi kinyumenyume, kisha akapanda na kuuingiza kwenye njia ya matete, iliyokuwa finyu na nyeusi kama duara lake. Na humo, loo, alikuwa kama yuko kwao. Upondo ukachoma, mtumbwi ukateleza.

Hatua chache kabla ya nchi kavu, maji yakaisha tena. Bodaboda mmoja asiye na adabu akapaza sauti, "Mbebe tu, bwana!" Nikamtupia mhogo wa moto. Enock akaruka, akausukuma mtumbwi na vyote vilivyomo, ukapanda mchangani, ukalipita jiko langu, ukagonga benchi la wateja.

Mbuke akashuka. Akakagua unyayo wa kulia: mkavu. Akakagua wa kushoto: mkavu. Mwalo mzima tukanyosha shingo.

"Jogoo," akasema, na sauti ilikuwa imelegea, "mwambie Baba Mageni akabadilishe suruali, asije akaugua."

Baba Mageni! Enock akageuka, akajifanya anafunga kamba; machozi yake tuliyaona mimi na jogoo tu.

Jioni Loveness akatoa kisu. Mama yake akamshika mkono: "Weka chini. Mjumbe hauawi." Basi karamu ile ikaliwa kwa dagaa wangu, iandikwe hivyo. Na leo mkimsikia jogoo mwekundu akiwika hapa mwaloni, simameni kwa heshima: yule ni balozi, na Mbuke akija kututembelea, bado hakuna neno linalopita bila yeye.