Mkwe Hampigi Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Gemu mpya ya ngumi imefika kwenye ukumbi wa Mama Mitambo, chini ya nyumba tunayopanga. Nimecheza. Raha! Mtu mzima mimi, nimepiga kelele kama aliyemwagiwa maji ya moto.

Wajuzi hawakuipenda. Wajuzi ni watatu: kinyozi, fundi simu, na yule wanayemwita Profesa, ambaye hajafundisha popote ila kwenye benchi la ukumbi. Profesa akasema ngumi ni nzito, miruko ni mifupi, na kitufe kimoja kinafanya kazi ya vinne. Hata bibi yake angeshinda. Nikamjibu amlete bibi. Akasema, mzee, kwa heshima zako zote, hujui gemu. Heshima zangu! Nilikuwa nasoma vitabu baba yake hajaota ndevu.

Wala hawakutazama mahali wanapopigana. Uwanja mmoja ni mtaa: duka la fundi cherehani, nguo kwenye kamba, mlango uliopakwa rangi nusu, manyunyu. Sisemi ni mtaa wetu. Wetu ulikuwa na mfereji upande wa kushoto, na sijauona miaka thelathini na ushei. Lakini mlango ule!

Jumanne, 4 Juni
Wajuzi wamelalamika rasmi. Wanataka gemu ya zamani. Mama Mitambo akatangaza: viti viwili vya gemu mpya vikiendelea kukaa vitupu, Jumamosi anairudisha ilikotoka. Wajuzi wakasusa papo hapo. Wateja wote wakafuata mkumbo.

Nikamchokoza Profesa acheze nami, angalau viti vijae. Kosa. Sheria ya ukumbi: anayeshindwa anainuka. Nilikuwa nashangaa nani kaacha nguo mvuani, nikaangushwa kabla sijaishika padi ya kuchezea vizuri. Nikainuka. Naye akainuka, akapangusa mikono, akasema ameona ya kutosha. Viti vitupu tena. Adabu ya wapi hiyo?

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Nimemshusha mkwe ukumbini. Ni baba wa mume wa binti yangu. Tunalala chumba kimoja na tunaheshimiana mpaka inachosha. Nikamwambia, tangulia mkwe. Akasema hapana, anza wewe mkwe, babu wa wajukuu zangu nitamnyooshea mkono vipi? Tukakaribishana hivyo mpaka muda ukaisha. Sare! Na sheria haisemi lolote kuhusu sare. Hakuna aliyeshindwa, hakuna wa kuinuka. Tukarudia. Sare. Manyunyu yakaanguka mtaani, nami nikatazama dirisha moja baada ya jingine, bila haraka.

Alhamisi, 6 Juni
Tumekaa kutwa. Hakuna ngumi hata moja! Fundi simu akauliza kama tunapigana au tunasubiri daktari. Kinyozi akamwacha mteja na nusu ya nywele ili aje kutucheka. Mteja naye akaja. Hadi alasiri watu wamejazana mlangoni, wanabishana nani ataanza. Profesa akawaeleza kwamba ninapima umbali. Sipimi chochote! Naangalia mlango. Nilipomwambia hivyo, akawakonyeza wenzake: mnaona anavyoficha mbinu?

Ijumaa, 7 Juni
Msaliti! Asubuhi tulipishana kidogo kuhusu maji ya kuoga. (Niliyatumia, ndiyo. Ndoo haikuandikwa jina.) Akasema si neno, mkwe. Mchana umati ukaanza: mpige mzee, mpige mzee! Akanitandika teke la kichwa. Mimi! Nikalala chali mbele ya duka la fundi cherehani, kwenye mtaa wangu mwenyewe. Ukumbi ukalipuka. Nikainuka, sheria ni sheria. Mkwe hakunitazama. Akakaa pale akiwaangusha kinyozi, fundi simu na Profesa kwa kitufe kilekile kimoja. Profesa akatangaza kwamba gemu hii ina kina, na kwamba yeye alisema tangu mwanzo.

Chakula cha jioni nimempitishia chumvi bila kumwita mkwe. Binti yangu ameona.

Jumamosi, 8 Juni
Gemu inabaki. Mama Mitambo kanishika mikono yote miwili akinishukuru. Foleni imefika kwenye ngazi. Nikasimama, nikasimama, zamu yangu ikafika, nikakuta kwenye skrini uwanja wa chuma wenye taa za zambarau. Mtaa uko wapi? Profesa akanieleza polepole, kama mtu anayemsemesha kiziwi: bingwa ndiye anayechagua uwanja, na wajuzi wamemshauri bingwa kwamba manyunyu yanasumbua macho ya mchezaji makini. Jana walitaka itupwe, leo wameshika funguo! Na bingwa ni nani? Mkwe. Nikamtazama. Akatazama viatu vyake. Nikaanguka chini ya taa za zambarau.

Jumapili, 9 Juni
Mkwe ameniletea chai kitandani, sukari imekolea. Amesema teke lile lilimponyoka. Kesho atauchagua mtaa, tutakaa sare kutwa, wajuzi wapasuke. Nikamtaka aape. Ameapa, tena kwa wajukuu wetu. Aliuliza jambo moja tu, katika mazungumzo: huwa naangalia upande gani hasa muda ukikaribia kuisha? Nikamweleza. Nikamwonyesha mpaka ninavyogeuza shingo. Akaniomba nirudie, nikarudia.

Muungwana sana, mkwe wangu. Nilimwonea bure.